Mariga: kutoka timu ya bia Ruaraka hadi medali ya Ulaya

Ukishuka matatu kituo cha Allsops, pale Barabara ya Thika inapokutana na Outer Ring, umeingia eneo lililojengwa na bia. Jina lenyewe la kituo ni la kampuni ya Allsopp, iliyounganishwa na East African Breweries mwaka 1962. Kiwanda cha Ruaraka ni cha zamani zaidi. Kilitoa bia yake ya kwanza Desemba 1922. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na ndovu akiwa mawindoni, na kutokana na mkasa huo bia ikaitwa Tusker. Kutoka hapo hadi Barabara ya Baba Dogo ni mwendo wa miguu. Kuna viwanda na magodauni, kuna nyumba za kupanga zilizobanana, na ukiendelea unafika Lucky Summer na Korogocho.

Kiwanda hicho hakikupika bia tu. Kililea timu ya kandanda. Kenya Breweries, iliyobadilisha jina na kuwa Tusker mwaka 1999, ilitwaa Kombe la Klabu la CECAFA 1988 na 1989. Mwaka 1994 ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikatoka sare ya 2-2 katika mkondo wa kwanza na kulimwa 3-0 katika wa pili na DC Motema Pembe ya Kinshasa. Kwa hiyo mtoto aliyekulia Baba Dogo enzi hizo hakuhitaji televisheni kuwaona wachezaji wa daraja la juu. Walikuwa majirani zake, wakifanya mazoezi upande wa pili wa barabara.

Miongoni mwa vijana waliovaa jezi ya wanamvinyo hao mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa kiungo mmoja mrefu, mwembamba, aliyekuwa pia amepitia Ulinzi Stars na Kenya Pipeline. Jina lake McDonald Mariga Wanyama. Ndani ya miaka sita hivi tangu siku hizo angekuwa anavaa medali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya jijini Madrid, akiwa na Inter Milan. Hakuna Mkenya aliyewahi kufika hapo kabla yake.

Nimesikia watu wengi wakiisimulia habari ya Mariga kama hadithi ya bahati: kijana wa Eastlands aliyejikuta mahali pazuri wakati mzuri, akashinda kombe akiwa ameketi kwenye benchi. Ukiifuata historia yake mwaka kwa mwaka unakuta mambo mengine kabisa. Bahati haikuwa nyingi. Milango aliyofungiwa ilikuwa mingi kuliko aliyofunguliwa, na iliyomuuma zaidi ilifungwa kwa sababu ya hali ya kandanda ya Kenya yenyewe.

Alizaliwa Nairobi tarehe 4 Aprili 1987. Huo ulikuwa mwaka wa shangwe. Kasarani, uwanja ambao kutoka Baba Dogo unaukaribia kwa nauli ndogo tu, ulifunguliwa mwaka huo kwa ajili ya Michezo ya Afrika, na timu ya taifa, Harambee Stars, ikafika fainali ya kandanda kabla ya kuzidiwa na Misri. Desemba Gor Mahia ikalibeba Kombe la Nelson Mandela kwa kuibwaga Esperance ya Tunisia. Mpenzi wa soka wa Kenya wa mwaka 1987 angekuwa na kila sababu ya kuamini kwamba mambo makubwa zaidi yalikuwa njiani.

Nyumbani kwao mpira ulikuwa kazi ya familia. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards na timu ya taifa. Ndugu zake nao wakaingia michezoni: Victor na Thomas katika soka, dada yao Mercy katika mpira wa vikapu. Walilelewa Eastlands, upande wa Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli, na masomo ya sekondari Mariga akayapata Kamukunji, shule ambayo jina lake katika mashindano ya soka ya shule lilikuwa likitajwa kwa heshima.

Kijana wa leo wa Baba Dogo hawezi kuelewa kwa urahisi jinsi ngazi ya wakati ule ilivyokuwa. Kampuni na mashirika ya umma yalikuwa na timu. Aliyeitwa kuchezea timu hizo alipata mpira na mshahara kwa pamoja: asubuhi karani au fundi, jioni beki wa kulia. Eldoret kulikuwa na Rivatex, timu ya kiwanda cha nguo. Mumias kulikuwa na timu ya sukari. Oserian, kampuni ya maua ya Naivasha, ilinyakua ubingwa wa Kenya 2001 na 2002. Wanajeshi wa Ulinzi wakapokea kijiti na kulitwaa taji mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005. Ukizitazama timu tatu za Mariga nyumbani, yaani jeshi, bia na bomba la mafuta, unaiona ngazi hiyo yote. Mchezaji wa miaka kumi na saba aliingia uwanjani na watu wazima wenye ajira, wenye nguvu, wasiomwonea huruma. Huo ndio uliokuwa ukumbi wake wa mafunzo.

Ngazi hiyo ilikuwa tayari inaoza. Mashirika yalikuwa yakipunguza wafanyakazi na kubinafsishwa, na mkurugenzi mpya akitafuta gharama za kukata, timu ya mpira ndiyo ilikuwa karibu na kisu. Oserian ilitoweka. Pipeline ikavunjwa. Mariga aliwahi kupanda kabla vipandio havijang'olewa.

Mwaka 2005, akiwa na miaka 18, aliondoka kwenda Uswidi kujiunga na Enköpings SK, klabu ya daraja la chini. Hakukaa. Helsingborg, klabu ya daraja la juu, ilimchukua, na mwaka 2006 ikashinda Kombe la Uswidi. Mwaka huohuo Henrik Larsson alirudi hapo kutoka Barcelona akiwa ametoka kushinda Ligi ya Mabingwa. Hebu fikiria: miaka miwili kabla ulikuwa unapigania namba katika ligi ya Kenya, sasa unampasia Larsson mazoezini. Victor, mdogo wake, alimfuata Helsingborg 2007, na njia hiyo ndiyo iliyompeleka baadaye Ubelgiji, Celtic, Southampton na Tottenham. Wengi humjua Victor kuliko kaka yake kwa kuwa Ligi Kuu ya Uingereza huonyeshwa kila kibanda. Lakini aliyelima shamba ni Mariga.

Hapo Helsingborg ndipo Uingereza ilipobisha hodi mara ya kwanza. Portsmouth, iliyokuwa Ligi Kuu wakati huo, ilimtaka. Akanyimwa kibali cha kazi.

Kanuni ya Uingereza ya siku hizo inafaa kuelezwa polepole kwa sababu ndiyo kiini cha maisha yake yote ya soka. Mchezaji asiyetoka Umoja wa Ulaya alipaswa kuwa amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa katika miaka miwili, na taifa lenyewe liwe na wastani wa ndani ya 70 bora za orodha ya FIFA katika kipindi hicho. Sehemu ya kwanza mchezaji anaweza kuipigania kwa miguu yake. Sehemu ya pili inategemea wenzake, kocha, na zaidi ya yote, viongozi wa shirikisho.

Na viongozi wetu walikuwa wakifanya nini? Februari 2004 Harambee Stars chini ya Jacob "Ghost" Mulee iliichapa Burkina Faso 3-0 nchini Tunisia, ushindi wa kwanza kabisa wa Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Kabla mwaka haujafika nusu yake vizuri, FIFA ikaifungia Kenya kwa vurugu za uongozi. Marufuku hiyo ikaondolewa, vurugu zikaendelea, na Oktoba 2006 FIFA ikaifungia tena hadi Machi 2007. Kulikuwa na kesi mahakamani, ofisi zilizovamiwa, makundi mawili kila moja likidai ndilo shirikisho halali. Kufikia katikati ya 2007 Kenya ilikuwa imeporomoka hadi chini ya nafasi ya 130 duniani. Kiungo wa Helsingborg hangeweza kufanya lolote kuhusu hilo. Bei ya ugomvi wa ofisini Nairobi aliilipa yeye.

Italia haikuwa na kanuni hiyo. Italia ilihesabu tu idadi ya wachezaji wa nje ya Umoja wa Ulaya ambao klabu ingeweza kuwaleta kutoka nje kwa msimu, bila kuuliza nchi yako ni ya ngapi. Majira ya joto ya 2007 Parma ikamchukua, kwanza kwa mkopo na baadaye ikamnunua kabisa. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza Serie A.

Kwa mtaa kama Baba Dogo, Mtaliano aliyejulikana kabla ya hapo alikuwa padri. Wamisionari wa Comboni wamekuwa Kariobangi kwa miongo mingi, na Padri Alex Zanotelli aliishi Korogocho, jirani kabisa, tangu miaka ya mwanzo ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kibanda kama cha waumini wake. Italia ilikuwa imetuletea watu. Mara hii sisi ndio tuliopeleka.

Parma aliyoikuta nayo ilikuwa timu ya kampuni, na kampuni ilikuwa imeanguka. Katika miaka ya 1990 klabu hiyo ndogo ya mji wa jibini na nyama ya nguruwe ilikuwa tishio barani Ulaya kwa fedha za Parmalat, kampuni ya maziwa. Ilishinda Kombe la UEFA 1995 na 1999. Desemba 2003 ikafichuka kwamba vitabu vya Parmalat vilikuwa vimejaa mabilioni ya yuro yasiyokuwapo. Kampuni ikaanguka, klabu ikawekwa chini ya msimamizi, nyota wakauzwa. Tommaso Ghirardi aliinunua Januari 2007. Mchezaji aliyetoka Kenya, aliyeona jinsi timu inavyokufa shirika linapoishiwa, hakuhitaji kufasiriwa hali hiyo.

Msimu wa kwanza ulikuwa mbaya. Tarehe 18 Mei 2008, siku ya mwisho ya ligi, Parma ilihitaji matokeo nyumbani, uwanja wa Tardini, dhidi ya Inter iliyohitaji ushindi ili itawazwe. Mvua ilikuwa ikinyesha. Zlatan Ibrahimovic akaingia kipindi cha pili, akafunga mara mbili. Inter wakachukua ubingwa, Parma wakashuka daraja, ikiwa mara yao ya kwanza tangu wapande 1990.

Mtu angetegemea kijana wa miaka 21 aondoke. Mariga alibaki, na nadhani uamuzi huo ndio uliomjenga. Serie B wakati huo ilikuwa ligi ndefu, yenye timu 22, viwanja vibovu na mabeki wazee wenye viwiko. Kocha Francesco Guidolin alimpa nafasi katikati, na Parma ikamaliza ya pili nyuma ya Bari na kurejea Serie A 2009. Alirudi akiwa mchezaji tofauti: bado mrefu, sasa mwenye kifua, anayekaba, anayepokonya, anayeweza kuubeba mpira kutoka boksi hadi boksi. Nusu ya kwanza ya msimu wa 2009-10 Parma ilipepeta soka safi na kukaa sehemu ya juu ya jedwali. Ukiniuliza Mariga alikuwa bora kabisa wakati gani, nitakutajia miezi hiyo, Agosti 2009 hadi Januari 2010, kabla hajavaa jezi ya Inter.

Januari 2010 Manchester City, iliyokuwa imejaa fedha mpya za Abu Dhabi, ikakubaliana na Parma. Kila kitu kilikuwa tayari. Kibali cha kazi kikakataliwa.

Tukumbuke kwamba Desemba 2008 Kenya ilikuwa imegusa nafasi ya 68, ya juu kuliko zote katika historia yake. Lakini kanuni ilitazama wastani wa miaka miwili, na mwaka 2009 tulikuwa tumeshaporomoka tena. Suala likageuka la kitaifa. Waziri Mkuu Raila Odinga, shabiki wa mpira asiyejificha, aliingilia kati kuiomba serikali ya Uingereza ifikirie upya. Redio zikajaa. Kwenye vibanda vya mpira vya Eastlands, ambako siku za kawaida hubishaniwa Arsenal na Manchester United, ghafla kila mtu alikuwa mtaalamu wa uhamiaji. Saa zikawa zinayoyoma, dirisha la usajili linafungwa.

Ndipo Inter wakaja. Kocha wao José Mourinho alikuwa anaelekea sehemu ngumu ya msimu na alitaka kiungo wa akiba mwenye mapafu. Kwa kuwa Mariga alikuwa tayari amesajiliwa Italia, kuhama kutoka Parma hadi Milan hakukugusa idadi ya wageni wapya. Malipo yalifanywa Kitaliano kabisa: Parma wakapewa nusu ya umiliki wa winga Mfaransa Jonathan Biabiany, wakakopeshwa Mchile Luis Jiménez, na pesa juu yake. Kumiliki nusu ya mchezaji ni jambo ambalo wengi wetu hatukulielewa. Klabu mbili za Italia ziliweza kumiliki mtu mmoja kwa pamoja, akachezea moja, na msimu ukiisha zikae chini kuamua nani amchukue mzima. Zikishindwa kuafikiana, kila moja iliandika bei yake katika bahasha iliyofungwa. Yenye bei kubwa ilimchukua. Utaratibu huo ulifutwa 2014, na sijasikia mchezaji akiulilia.

Kwa hiyo wiki ile ile ambayo Uingereza ilisema hafai kufanya kazi kwao, alijikuta chumba kimoja na Javier Zanetti, Esteban Cambiasso, Wesley Sneijder, Diego Milito na Samuel Eto'o.

Tarehe 16 Machi 2010 Inter walikwenda London kumenyana na Chelsea katika raundi ya 16 bora ya Ligi ya Mabingwa. Eto'o alifunga kipindi cha pili. Dakika za mwisho Mourinho alimtoa Sneijder akamwingiza Mariga. Wiki sita hivi tangu anyimwe kibali, Mkenya huyu alikuwa anacheza Stamford Bridge, tena mechi kubwa kuliko yoyote ambayo Manchester City ilikuwa imecheza msimu huo. Hakuvunja sheria yoyote. Alikuja kama mgeni, akamaliza kazi, akapanda ndege na wenzake. Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya alionekana katika ardhi ya nchi iliyomkataa. Hilo mimi hulifurahia kila nikilikumbuka, na sioni haya kusema hivyo.

Aprili ndio ulikuwa mwezi wake. Tarehe 20 Inter waliichapa Barcelona 3-1 San Siro katika nusu fainali ya kwanza. Siku nne baadaye, kati ya mechi hizo mbili za maisha na kifo, kulikuwa na mechi ya ligi dhidi ya Atalanta, na Mourinho alihitaji kuwapumzisha watu. Atalanta walitangulia kufunga. Milito akasawazisha. Mariga akafunga la pili. Cristian Chivu akaongeza la tatu, 3-1. Kesho yake Roma, waliokuwa wakikimbizana nao kileleni, walipoteza nyumbani kwa Sampdoria. Inter hawakuachia tena. Watu huzungumza juu ya ubingwa ule kana kwamba Mariga aliutazama tu. Bao lake limo katika hesabu za wiki iliyouamua.

Kisha Camp Nou, tarehe 28. Thiago Motta alipewa kadi nyekundu kabla ya nusu saa kufika. Wachezaji kumi walijipanga mbele ya lango lao wakimkabili Lionel Messi kwa zaidi ya saa nzima, Eto'o, mshambuliaji wa dunia, akicheza kama beki wa pembeni. Dakika ya 84 Gerard Piqué alifunga. Bao moja zaidi na Barcelona wangepita. Katika dakika hiyo mbovu kuliko zote, Mourinho alimgeukia Mariga akamwingiza badala ya Eto'o. Hakuna aliyeingizwa wakati ule ili apewe zawadi ya kupiga picha. Aliingizwa kukimbia, kuziba, kuuondosha mpira. Bojan akatikisa nyavu katika muda wa nyongeza. Mwamuzi alikuwa ameshapuliza kwa kosa la mkono. Filimbi ya mwisho ikalia, Mourinho akakimbia uwanjani kidole kikiwa juu, wenyeji wakafungulia mabomba ya maji ya kunyunyizia nyasi ili kuwafukuza. Mariga alikuwa hapo, amelowa.

Mei ilikuwa mavuno. Tarehe 5 Kombe la Italia, dhidi ya Roma. Tarehe 16 ubingwa wa ligi, ugenini Siena. Tarehe 22 Santiago Bernabéu, Madrid, Inter 2 Bayern Munich 0, mabao yote ya Milito. Mariga alikuwa kwenye benchi. Mourinho alimwingiza Dejan Stankovic, kisha Sulley Muntari wa Ghana, kisha Marco Materazzi. Mabadiliko yakaisha. Klabu ya kwanza ya Italia kubeba mataji hayo matatu katika msimu mmoja ilikuwa na Mkenya kikosini, na hakugusa mpira usiku wa fainali.

Wanaomcheka kwa hilo sijui wanataka nini. Medali za kikosi hutolewa kwa kazi ya msimu, na dakika zake za London na Barcelona zilikuwa kazi. Ila kweli nyingine nayo isemwe: Inter haikuwahi kumfanya mchezaji wa kutegemewa. Mourinho aliondoka kwenda Real Madrid wiki hiyohiyo, Rafael Benítez akaja, na nafasi ya kiungo wa akiba ikazidi kuwa finyu. Desemba 2010 Inter walishinda Kombe la Dunia la Klabu Abu Dhabi kwa kuilaza TP Mazembe ya Lubumbashi 3-0. Mazembe ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali hiyo, na mfungaji wa bao la tatu alikuwa Biabiany, yule aliyekuwa sehemu ya bei ya Mariga, aliyekuwa amesharudishwa Milan. Soko la wachezaji la Italia ndivyo lilivyo.

Yaliyofuata hayana raha. Januari 2011 alikwenda Real Sociedad kwa mkopo, akacheza kidogo. Majeraha yakamwandama. Akarudi Parma, na huko akakuta historia ikijirudia: msimu wa 2014-15 klabu iliishiwa fedha, wachezaji wakakaa miezi bila mshahara, ikauzwa kwa yuro moja, ikatangazwa kufilisika Machi 2015 na kutupwa Serie D. Akahamia Latina ya Serie B, nayo ikafilisika 2017. Mwaka huo alikwenda Real Oviedo ya daraja la pili Uhispania. Klabu mbili za Italia zilianguka akiwa ametoka humo au yumo. Aliyesema Ulaya hakuna shida za mishahara aende Parma akaulize.

Aliporudi nyumbani, siasa ilikuwa ikimngoja. Mwaka 2019 chama cha Jubilee kilimsimamisha katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Kibra. Tume ya uchaguzi ilimkataa kwanza kwa hoja ya daftari la wapiga kura, akashinda rufaa. Tarehe 7 Novemba Imran Okoth wa ODM, chama cha Raila yuleyule aliyempigania kibali, alipata kura 24,636, Mariga 11,230. Alimpigia mpinzani wake simu kukubali kushindwa kabla hesabu hazijamalizika, jambo ambalo wanasiasa wetu wengi hawajalijaribu.

Desemba 2024 huko Kasarani, wajumbe wa Shirikisho la Kandanda la Kenya (FKF) walimchagua Hussein Mohammed kuwa rais, na Mariga akiwa mgombea mwenza wake akawa makamu wa rais. Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa fainali za CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani. Harambee Stars ya Benni McCarthy iliongoza kundi lililokuwa na Morocco na DR Congo kabla ya kutolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Baba Dogo ilisikia kelele za Kasarani bila kuhitaji redio.

Sasa ameketi katika ofisi ambayo ugomvi wake ulimnyima Portsmouth na Manchester City. Timu za mashirika zilizovunjwa hazitarudi, na hakuna kampuni ya maua itakayoshinda ligi tena. Kilichobaki ni ligi za mitaa na za shule, na viwanja vya Eastlands ambavyo vinaliwa na majengo mwaka baada ya mwaka. Hizo ziko mikononi mwa shirikisho na serikali ya kaunti, na makamu wa rais anajua kuliko yeyote gharama ya kuziacha zife. Tunamwomba aanze na vijana wa mitaa kama Baba Dogo, wanaocheza upande wa pili wa ukuta wa klabu iliyomvisha jezi. Muhula wa uongozi wa FKF ni wa miaka minne.